Vyama vya Mapishi vya San Sebastián

Katika mji wa San Sebastián, kaskazini mwa Hispania kwenye Ghuba ya Biskay, samaki hupikwa kwa ustadi mkubwa mikahawani, na kwa ustadi uleule katika vyama vya mapishi ambavyo Wabaski, wenyeji wa eneo hilo, huviita txoko. Chama cha namna hii kina ukumbi wenye meza ndefu, jiko kubwa, stoo ya divai na wanachama wanaopika wenyewe. Mjini humo vipo zaidi ya mia moja, vingi vikiwa katika Mji Mkongwe.

Chimbuko la vyama hivi ni maisha ya mji huo katika karne ya 19. Tarehe 31 Agosti 1813 majeshi ya Waingereza na Wareno yaliuteka mji kutoka kwa askari wa Napoleon waliokuwa humo, kisha ukaporwa na kuteketezwa karibu wote. Ulijengwa upya ndani ya kuta zilezile za ngome, ambazo hazikuanza kubomolewa hadi 1863. Mafundi, wavuvi na wachuuzi waliishi katika nyumba finyu, na jioni walikutana kwenye vilabu vya pombe ya tufaha. Inasimuliwa kwamba vilabu hivyo vililazimika kufungwa mapema, ndipo wanaume wakachanga fedha na kukodi vyumba vyao wenyewe. La Fraternal iliundwa 1843, na Unión Artesana, ambayo ipo hadi leo, ikafuata 1870.

Taratibu za vyama hivi zilijengwa juu ya uaminifu. Kila mwanachama ana ufunguo. Huja na samaki wake kutoka sokoni, hutumia mafuta, chumvi na divai ya chama, kisha huandika mwenyewe alichotumia na kulipa bila kusimamiwa. Mezani mwenye kiwanda na seremala walikaa bega kwa bega, jambo lililokuwa adimu katika Hispania ya wakati ule.

Vyakula vilivyovipa vyama hivi sifa ni vya mabaharia. Marmitako ni mchuzi wa jodari, viazi, vitunguu na pilipili uliopikwa kwanza mashuani. Kiazi hakikatwi moja kwa moja: kisu huingizwa nusu, kisha kipande hubanduliwa, ili wanga utoke na kuufanya mchuzi uwe mzito. Jodari hutiwa mwishoni kabisa na chungu huepuliwa, maana akichemka hukakamaa. Anayetakiwa ni jodari mweupe anayevuliwa kiangazi katika Ghuba ya Biskay. Wale ambao meli za Bermeo, bandari nyingine ya Wabaski, zimekuwa zikiwavua katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980, zikitia nanga Ushelisheli, huishia zaidi kwenye makopo.

Bakalao, yaani samaki aina ya kodi (cod), ana historia ndefu zaidi. Wabaski walimfuata hadi pwani za Newfoundland, Kanada ya leo, katika karne ya 16, wakamrudisha akiwa ametiwa chumvi. Kwa pishi la pil-pil hurowekwa siku nzima au zaidi huku maji yakibadilishwa, kisha huwekwa katika chungu kipana cha udongo chenye mafuta ya zeituni yaliyokaangiwa vitunguu saumu. Moto huwa mdogo, na mpishi huzungusha chungu bila kuchoka mpaka ute wa ngozi ya samaki ushikane na mafuta kuwa rojo jeupe. Hakuna unga wala krimu. Ni pishi la mkono na subira, na ndilo kipimo halisi cha mpishi wa chama.

Malkia María Cristina wa Hispania alipoanza kupumzikia mjini hapo majira ya kiangazi, kuanzia 1887, hoteli ziliegemea mapishi ya Kifaransa. Jikoni mwa vyama, mapishi ya bandarini yaliendelea. Chini ya utawala wa dikteta Franco, 1939 hadi 1975, mikutano ilihitaji kibali na Kibaski kilibanwa. Vyama vilipiga marufuku siasa mezani, vikaachwa viendelee, na nyuma ya milango yake watu waliendelea kuimba kwa lugha yao. Wapishi kama Juan Mari Arzak na Pedro Subijana walipoanzisha mapishi mapya ya Kibaski mwaka 1976, walikuta urithi huo ukiwa hai.

Urithi huo una dosari nzito. Mapishi mengi yalitoka majumbani, mikononi mwa wanawake, lakini wanawake wenyewe walifungiwa nje. Kwa miongo mingi waliingia kama wageni tu, hasa siku za sikukuu, na jikoni hawakuruhusiwa kukanyaga. Haki yao ya kuingia jikoni ilicheleweshwa bila sababu ya maana. Sasa vyama vingi huwakaribisha mezani, na baadhi vimewaandikisha kuwa wanachama kamili wenye ufunguo na zamu ya jiko. Vingine bado vinawazuia kupika.