Ishara za Mungu katika vitu vinavyoonekana (Kasongo na Kabambare)

Ishara za Mungu katika vitu vinavyoonekana ni mada ya teolojia ya Kikristo inayouliza kama maumbile, uponyaji au masalia ya wafiadini yanaweza kumfunulia mtu Mungu. Hapa inaelezwa kwa kufuata historia ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, pamoja na Fizi na Baraka zilizo upande wa mashariki wa Kabambare.

Maumbile
Msingi ni Zaburi 19 na Waraka kwa Warumi 1:20. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, katika hati Dei Filius ya tarehe 24 Aprili 1870, ulifundisha kwamba akili ya mtu ikitazama viumbe inaweza kumjua Muumba kwa hakika. Mafumbo kama Utatu, hata hivyo, hayajulikani ila Mungu mwenyewe ayafunue.

Mwaka huohuo mpelelezi David Livingstone alikuwa Umanyema, yaani Maniema, akitafuta chanzo cha Nile. Alikwama kwa miezi mingi huko Bambarre, panapotambuliwa kuwa Kabambare, miguu ikiwa na vidonda vilivyokataa kupona. Aliandika kwamba akiwa Umanyema aliisoma Biblia nzima mara 4. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, karibu na Kasongo, aliona watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao, wakipigwa risasi na wengine wakizama katika mto Lualaba. Anayefundisha kwamba mto humtangaza Muumba hana budi kueleza pia siku ile, na maelezo hayo hayatoki mtoni.

Wafiadini wa 1964
Eneo la Uvira lilikuwa sehemu ya jimbo katoliki la Kasongo hadi 1962. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara waliuawa Baraka. Carrara alipiga magoti kando ya maiti ya mwenzake. Jioni hiyo, Fizi, waliuawa Padre Giovanni Didoné na Padre Albert Joubert. Faccin, Carrara na Didoné walikuwa wamisionari Wasaveri kutoka Italia. Joubert alikuwa mwana wa nchi: mama yake Mkongo, baba yake kapteni Mfaransa Ludovic Joubert aliyelowea ufukweni mwa Tanganyika.

Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Kwa mfiadini Kanisa halidai mwujiza katika hatua hiyo. Linatafuta mashahidi na nyaraka za kuthibitisha kwamba aliuawa kwa sababu ya chuki dhidi ya imani, naye akakipokea kifo. Damu yenyewe huhesabiwa kuwa neno lililosemwa.

Masalia na miujiza
Siku tatu baada ya mauaji ya Baraka na Fizi, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro. Kaburi la pamoja lilipofukuliwa mwaka 1965, mwili wake ulitambuliwa kwa kisanamu cha Bikira Maria alichokuwa amekitia mfukoni. Kisanamu kile kilithibitisha kwamba huyu ndiye Anuarite. Kwa waamini kilisema zaidi, lakini hilo lilihitaji jicho la imani.

Utaratibu wa Roma wa kupima miujiza una mpaka huohuo kati ya ushahidi na imani. Madaktari hupima kama uponyaji ulikuwa wa ghafla, kamili na wa kudumu. Kwa kanuni za 2016, wakiwa 7, angalau 5 wakubaliane kwamba sayansi haiwezi kuueleza. Hawaulizwi kama Mungu ametenda. Swali hilo huachiwa wanateolojia, na huo ni uaminifu mkubwa kwa sayansi na kwa imani pia.

Madhehebu na dini nyingine
Waprotestanti wengi hawaheshimu masalia, bali hutoa shuhuda za uponyaji. Waislamu wa Kasongo, jamii ya tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, huyaita maumbile aya za Mwenyezi Mungu.

Hali ya sasa
Jimbo la Kasongo linaongozwa tangu 2014 na Askofu Placide Lubamba. Ili wafiadini wa Fizi na Baraka watangazwe watakatifu, unahitajika mwujiza uliopimwa kwa utaratibu huo wa Roma.