Mbaazi na Jua: Historia ya Lawama Juu ya Michezo Mipya

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yafaa tuikumbuke methali hii kila tunaposikia malalamiko yaliyoenea siku hizi majumbani na shuleni, kwamba vijana wanaharibiwa na michezo ya video na vioo vya simu. Mwanafunzi akishindwa mtihani, mchezo hulaumiwa. Akisinzia darasani, mchezo. Akiwa mkimya mbele ya wazazi wake, mchezo tena. Je, ni kweli kwamba michezo hii humfunga mtu kama tumbaku inavyomfunga, au imebebeshwa mzigo usio wake? Swali hili si la madaktari peke yao. Lina historia ndefu, nasi twakusudia kuitazama historia hiyo kabla ya kutoa hukumu.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu haikungoja kompyuta ndipo ipate neno uraibu. Tangu zamani watu wa pwani walilitumia kwa tambuu, tumbaku na vitu kama hivyo, ambavyo mtu huvizoea hata akivikosa huona siku yake haikutimia. Lakini si kila mazoea yaliyotiwa katika hesabu hiyo. Wazee waliweza kukaa barazani tangu alasiri hadi magharibi wakicheza bao, na hapana aliyewaita wagonjwa. Hapa pana jambo la kwanza la kutafakari: wingi wa saa peke yake haukuwa kipimo. Jamii iliangalia pia ni nani anayecheza, na mchezo wake umetoka wapi.

Ngoma ya beni ni ushahidi mzuri. Ilianza katika miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kisha ikaenea hadi bara, hasa kwa miguu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na kushindana katika vyama kama vile Marini na Arinoti. Wazee walilalamika kwamba mali inateketea kwa mavazi na karamu. Wamisionari waliona upotovu, na maofisa wa kikoloni walishuku njama dhidi ya serikali yao. Baadaye wanahistoria, miongoni mwao Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, walionyesha kwamba vyama hivyo vilikuwa pia vyama vya kusaidiana, vikiwapokea wageni mjini na kuwazika wanachama wao. Walalamikaji waliuona upande wa gharama, wasiuone upande wa faida.

Sinema nayo ilipita katika njia hiyo hiyo. Serikali za kikoloni katika Afrika Mashariki ziliunda bodi za kukagua filamu, na baadhi ya filamu walizoruhusiwa Wazungu kuzitazama zilikatazwa kwa Waafrika, kwa hoja kwamba Mwafrika angeiga maovu atakayoyaona. Hata baada ya Uhuru hofu haikukoma. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam kwa jina la kuulinda utamaduni wa taifa. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, lakini bara ilisubiriwa hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa isiyolingana na uwezo wa nchi maskini. Hatusemi kwamba hoja hizo zote zilikuwa sawa. Hoja ya anasa ilihusu matumizi ya fedha ya taifa. Hoja ya bodi za kikoloni ilijengwa juu ya dharau. Hivyo basi, si kila anayelaumu chombo kipya analaumu kwa sababu moja.

Wala si sisi peke yetu. Huko Ujerumani, katika karne ya 18, waandishi kadhaa waliwaonya watu, hasa wanawake na vijana, juu ya ugonjwa walioupa jina la uraibu wa kusoma. Riwaya ya Goethe juu ya kijana Werther ilipotoka mwaka 1774, mji wa Leipzig uliipiga marufuku mwaka uliofuata, kwa kuogopa kwamba wasomaji wangejiua kwa kumfuata shujaa wake. Leo mwalimu gani hatamani wanafunzi wake wapatwe na ugonjwa huo wa kusoma? Kule Marekani, mwaka 1954, daktari Fredric Wertham alivishutumu vitabu vya katuni kuwa vinawafunza watoto uhalifu, hata jambo hilo likafikishwa mbele ya kamati ya Seneti.

Michezo ya video ilipozaliwa ilirithi lawama hizo zote. Mchezo wa Pong ulitokea Marekani mwaka 1972, na Space Invaders ukatokea Japani mwaka 1978. Mwaka 1981 Rais Marcos wa Ufilipino aliipiga marufuku michezo hiyo nchini mwake. Mtu akiitazama orodha hii kwa haraka atasema: basi, kesi imekwisha, hofu ya leo ni ile ile ya jana, nayo itapita.

Sisi hatukubaliani na hukumu ya haraka namna hiyo. Kwamba watu walikosea walipoilaumu riwaya si ushahidi kwamba wanakosea wanapoulaumu mchezo wa simu. Kila chombo hakina budi kuchunguzwa kwa jinsi kilivyoundwa. Na wahenga hao hao walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tutazame uundaji huo. Bao lina mwisho: mmoja hufungwa, wakacheka, wakaanza upya au wakaenda zao. Riwaya ina ukurasa wa mwisho, na filamu ikiisha taa huwashwa. Bali michezo mingi ya simu ya siku hizi haina mwisho. Hutolewa bure, kisha faida hupatikana kwa kumfanya mchezaji arudi kila siku na kununua vitu vidogo vidogo. Baadhi yake huuza masanduku ya bahati, ambayo mnunuzi hajui yana nini mpaka ayafungue. Zawadi isiyotabirika ndiyo siri ya kamari, na mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo yanayouzwa kwa fedha yanavunja sheria zake za kamari.

Madaktari nao wamesema neno lao kwa uangalifu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kucheza michezo hiyo. Dalili zake si wingi wa saa. Ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Shirika hilo lenyewe lasema kwamba wanaopatwa ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Hivyo ugonjwa upo, lakini si wa kila kijana anayeonekana na simu.

Amri peke yake haijatosha kuuponya. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwakataza watoto walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya kompyuta ya mtandaoni tangu saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Sheria ililenga kompyuta, watoto wakahamia kwenye simu, na ilipofika mwaka 2022 ilikuwa imekwisha kufutwa.

Jibu letu basi ni hili. Michezo imesingiziwa mengi, na baadhi yake imeundwa kwa makusudi ili isimwachie mchezaji. Kosa letu ni kumlaumu kijana kwa udhaifu wake, na kumsahau mfanyabiashara aliyelipa mafundi ili waukuze udhaifu huo. Kosa la pili ni kutouliza ni lipi lililotangulia. Pengine mwanafunzi aliacha masomo kwa sababu ya mchezo. Pengine aliukimbilia mchezo kwa sababu nyumbani hana wa kusema naye, au darasani ameachwa nyuma na hapana aliyegundua. Mwalimu anayemnyang'anya simu bila ya kuuliza swali hilo ameondoa moshi, akauacha moto.

Mkulima mwenye busara hulitazama jua, lakini huinama pia akaukagua udongo, mbegu na wadudu. Tukifanya hivyo kwa vijana wetu, tutajua ni wakati gani jua lina kosa kweli, na ni wakati gani mbaazi wenyewe ulikosa maji.