Kitabu cha Dhiki na Mpaka wa Shamba

Anayetoka mjini Nyeri kuelekea milima ya Nyandarua hupita katika matuta ya Tetu, iliko Giakanja. Mashamba ya huku ni membamba, yameteremka kutoka barabarani hadi bondeni. Mipaka ya namna hii, kote Nyeri, ilipimwa upya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na waasi wa Mau Mau. Mipaka hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kitabu kimoja cha kumbukumbu za ufukara huweza kuliza nyumba moja na kuiudhi nyumba ya pili.

Kati ya Juni 1954 na Oktoba 1955, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni 1, ikawasonga katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba walizoziacha zilichomwa. Wanawake walichimba mahandaki kwa kazi ya lazima, ndani wakasimika miti iliyochongwa ncha, kisha wakaruhusiwa muda mfupi tu kukimbilia shambani kuwatafutia watoto chochote. Huku nyuma vipande vya ardhi viliunganishwa na kupimwa. Aliyekuwa msituni au kizuizini hakuwapo kutetea mpaka wake. Ngati, walinzi waliosimama na serikali, walikuwapo.

Kwa hiyo njaa ya Nyeri haikuwa kama ya ukame, ambayo jirani halaumiwi kwayo.

Mwaka 1963 Josiah Mwangi Kariuki alitoa kumbukumbu zake za kizuizini, 1953 hadi 1960. Alizaliwa Bonde la Ufa, kwa wazazi wa Chinga, Nyeri, waliokwenda kufanya kazi katika shamba la Mzungu. Dibaji iliandikwa na Margery Perham, msomi wa Oxford, kana kwamba msomaji Mwingereza alihitaji mtu wa kwao wa kumshika mkono kabla hajaingia kambini. Mkikuyu aliyetoka kambi hizohizo hakuhitaji kushikwa mkono. Alichotafuta kitabuni ni kambi yake, wenzake, na majina ya waliowapiga.

Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina aliamua kuwaandikia hao wa nyumbani kwanza. Shajara yake ya kizuizini ilitoka 1983 kwa Kikuyu, lugha ambayo mama wa kijijini aliweza kusomewa na mjukuu wake jioni. Mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu barani Afrika. Mwaka 1986 mwandishi huyohuyo alikamatwa katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Kwa waamuzi wa tuzo alikuwa shahidi, kwa dola akawa mshukiwa. Mau Mau yenyewe ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria, na ikabaki hivyo hadi 2003.

Miaka mitatu baadaye, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Tetu, alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Utoto anaousimulia una kijito karibu na nyumbani, majani mapana ya nduma, na msichana anayejaribu kuinua mayai ya vyura akidhani ni shanga. Msomaji wa mbali hupenda ukurasa huo, na ana haki. Ila yuko mwingine, ambaye mamaye alichimba handaki, anayefungua kitabu hicho akitafuta jambo zito zaidi, na analipata. Maathai hakuficha kwamba akiwa mwanafunzi wa St. Cecilia, shule ya bweni ya misheni huko Mathari, aliamini alivyofundishwa: kwamba Mau Mau ni magaidi.

Kwa waliopoteza ardhi, kukiri huko huuma. Kwa aliyelelewa upande wa misheni na serikali, humpa nafasi ya kusema kwa mara ya kwanza yale ambayo baba yake hakuwahi kuyataja mezani. Na mstari uliozitenga nyumba hizi mbili ulipita pia ndani ya nyumba ya Maathai mwenyewe: katika miaka hiyohiyo binti akiwa salama bwenini, mama yake alikuwa amehamishwa kwa nguvu kutoka bomani kwake, akiishi katika kijiji cha dharura pale Ihithe.