Nchi Jirani: Mlinzi, Mkimbizi na Funzo la Bunia

Katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani, leo twaielekea Kongo. Hatuendi kwa habari za mapigano. Twaenda kwa habari ya jambo lisilo na mlio wa bunduki, lakini lililojeruhi wengi: unyonyaji wa miili ya wanawake na watoto, unaofanywa na watu waliotumwa kuwalinda na kuwasaidia.

Mwezi Mei mwaka 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka, mji wa Bunia katika eneo la Ituri uliingia mikononi mwa wanamgambo. Maelfu ya raia walikimbilia karibu na makao ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Walikimbilia huko kwa sababu waliona bendera, wakaamini kwamba chini ya bendera ile wako askari wenye nidhamu.

Mwaka uliofuata, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifika Bunia wakiwa na tuhuma 72 mikononi. Kati ya hizo, 68 ziliwahusu wanajeshi. Taarifa yao, iliyotolewa Januari 2005, ilieleza jinsi wasichana, wengine wakiwa watoto, walivyoingiliwa kwa malipo ya chakula kidogo au fedha kidogo. Malipo hayo, yalipokuwa fedha, yalikuwa kama dola 1 hadi 3. Na uchafu huo haukukoma hata wakati wachunguzi wenyewe walipokuwa mjini.

Wako watakaosema kwamba yale yalikuwa mapatano ya watu wawili. La hasha! Mmoja ana bunduki, mshahara na ghala la chakula. Mwenzake ana njaa. Mapatano huhitaji uhuru wa kukataa, na mwenye njaa mbele ya mwenye ghala hana uhuru huo. Huo ni unyonyaji, na ni ule ule tunaoupinga mahali pengine pote.

Jambo hili halikuanzia Bunia. Mwaka 1996, Mama Graça Machel wa Msumbiji aliupa Umoja wa Mataifa taarifa juu ya watoto katika vita. Alieleza kwamba katika nchi 6 kati ya 12 zilizochunguzwa, ukahaba wa watoto uliongezeka kwa haraka baada ya majeshi ya amani kufika. Mwaka 2002, taarifa kutoka makambi ya wakimbizi ya Guinea, Liberia na Sierra Leone ilitaja tuhuma dhidi ya watumishi wa mashirika ya misaada zaidi ya 40, walioudai mwili wa msichana kabla ya kumpa mgao ambao tayari ulikuwa haki yake.

Kutokana na fedheha hiyo, Oktoba 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa amri. Ilipiga marufuku kumwingilia yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi yaruhusu, na hata kama mkosaji adai kwamba alikosea kuukisia umri. Ilipiga marufuku kutoa fedha, kazi au msaada kwa kubadilishana na mwili. Na ilimlazimu kila mtumishi kutoa habari akimshuku mwenzake.

Basi, ndugu msikilizaji, linganisha tarehe. Amri ilitoka mwaka 2003. Wachunguzi walikuwa Bunia mwaka 2004. Amri ilikuwapo, lakini haikuwa na meno, kwa kuwa askari hubaki chini ya sheria ya nchi yake, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na uwezo wa kumrudisha kwao tu. Ndiyo maana Mwanamfalme Zeid wa Jordan, katika taarifa yake ya Machi 2005, alipendekeza mahakama za kijeshi zikae pale pale kosa lilipotendeka, wananchi waone haki ikitendeka. Machi 2016, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2272, linaloruhusu kikosi kizima kurudishwa nyumbani palipo ushahidi wa uovu ulioenea. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Wala tusidhani kwamba ni kosa la wenye silaha peke yao. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliikumba Kivu Kaskazini na Ituri. Tume huru iliyotoa taarifa yake Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliotafuta kazi ya kuwalisha familia zao waliambiwa walipe kwa miili.

Nasi Watanzania tusijifiche. Vijana wetu waliingia Kongo mwaka 2013 katika Brigedi ya Kujibu Mapigo, pamoja na ndugu wa Afrika Kusini na Malawi, wakasaidia kuwashinda waasi wa M23. Desemba 2017, zaidi ya kumi kati yao walitoa roho zao katika kambi ya Semuliki. Heshima hiyo imenunuliwa kwa damu. Lakini mwaka 2016, Umoja wa Mataifa ulitangaza pia tuhuma dhidi ya askari wetu katika kijiji cha Mavivi, karibu na Beni. Tuhuma si hukumu. Lakini mtoto akizaliwa kijijini na baba yake hajulikani alipo, mama yake haijui Semuliki. Anaijua sare tu.

Ndugu askari, funzo la Bunia ni kwamba karatasi haimlindi mtu. Anayemlinda ni kamanda anayekagua lindo usiku, na ni askari anayekataa kumficha mwenzake kwa jina la urafiki. Mkimbizi akiiona sare yako, na aendelee kuikimbilia, asije akaikimbia.