Tuta la Zamani: Tulisome Namna Gani?

Leo tunazungumza habari za mabwawa ya udongo ya kwetu Singida: tutajuaje kama tuta la siku nyingi lingali salama?

Zamani za ukoloni Singida ilikuwa katika Jimbo la Kati, pamoja na Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua, toka Novemba hata Aprili, na miezi iliyobaki ng'ombe hufuata maji mbali. Kwa sababu hiyo serikali ya wakati ule ilichimba malambo na kujenga matuta ya udongo jimboni, na baada ya Uhuru wa 1961 kazi hiyo ikaendelea. Tuta la miaka ile, kama lingalipo, limekuwa mzee. Watu husema: "Limesimama tangu enzi za babu, litaanguka leo?" Mimi naona maneno hayo yana hatari, maana bwawa alilolijua babu silo hili tulilo nalo.

Tutazame bwawa la Ikowa, kwa jirani zetu wa Dodoma. Lilijengwa mwaka 1957, nalo liliweza kuweka maji meta za ujazo karibu milioni 4. Watafiti, miongoni mwao Anders Rapp wa Sweden, walilipima tope lake, na taarifa yao ikatoka mwaka 1972. Waliona kwamba kila kilometa mraba ya ardhi inayolisha bwawa hilo ilileta mchanga na tope yapata meta za ujazo 195 kwa mwaka. Ardhi yenyewe ni kilometa mraba zipatazo 640. Chukua kalamu uzidishe, kisha ugawe: bwawa lingejaa tope kwa miaka kama 30 tu! Vilima vilivyokwanguliwa na kwato na majembe ndivyo vilivyokuwa vikihamia bwawani.

Sasa fikiri. Bwawa likijaa tope, maji ya kiangazi hupungua. Wenye mifugo huona uchungu, na pengine mtu huziba utoro kwa mawe na mifuko ya mchanga ili maji yapande kidogo. Utoro ni ile njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi. Aliyejenga tuta aliupima kwa gharika, siyo kwa kiangazi. Ukizibwa, siku ya mvua kubwa maji hupita juu ya mgongo wa tuta, na udongo hauwezi kuvumilia hayo. Hukatwa toka nje kuingia ndani, kwa saa chache. Basi ukifika bwawani, anzia utoroni.

Kisha panda mgongoni. Je, ng'ombe wamepakanyaga mahali pakabonyea? Maji yatapita hapo kwanza. Vichuguu vya mchwa, mashimo ya wanyama, miti mikubwa ambayo mizizi yake ikioza huacha matundu: yote hayo uyaangalie. Mwisho shuka chini upande usio na maji. Unyevu kidogo, wenye maji maangavu, huonekana katika matuta mengi, nao wapaswa kuangaliwa usizidi. Lakini maji yakitoka na matope, yanabeba udongo wa tumbo la tuta lenyewe. Huko Marekani, asubuhi ya 5 Juni 1976, maji ya matope yalionekana kwenye bwawa la Teton. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika, na watu 11 walikufa. Hilo lilikuwa tuta jipya, tena lililojengwa na mainjinia wakubwa. Kwa majirani zetu Kenya, bwawa la Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, wakati wa mvua nyingi, likaua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao.

Ramani ya ujenzi ikiwa imepotea, nenda kwa wazee. Waulize: maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi? Utoro ulikuwa na upana gani? Nani aliongeza udongo, na mwaka gani? Bibi aliyechota maji hapo miaka 40 ana habari ambazo injinia hatazipata kwa vyombo vyake. Ziandike katika daftari, pamoja na tarehe, kimo cha maji na rangi ya maji yanayovuja.

Daftari hilo lipelekwe kwa wataalamu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za 2013 zinataka mabwawa yakaguliwe, na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati makao yake yapo Singida mjini. Ukiona maji ya matope yanatoka, usingoje daftari lijae. Waondoe kwanza watu na mifugo walio bondeni, halafu ndipo upige simu.