Kasisi na Vijana wa Pikipiki

Kabla hatujawaita wahuni vijana wanaofanya mbwembwe za pikipiki barabarani, tutazame London. Miaka ya 1950 na 1960 vijana walikusanyika Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, wakishindana kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wengine walikufa. Magazeti yakawashutumu, polisi wakawawinda.

Mwaka 1962 kasisi Bill Shergold, naye mpanda pikipiki, akaenda kuwaalika kanisani. Mara ya kwanza aliogopa, akaupita mkahawa ule mbio! Aliporudi walimpokea, wakafurika kanisani, naye akawafungulia mlango wa klabu ya vijana, 59 Club. Mbio hazikukoma, tusidanganyane. Lakini sasa alikuwapo mtu mzima wa kuwakemea, wakamsikia.