Muziki wa betri: kutoka honi ya 1915 hadi boti ya mjomba

Leo tuiache kodi ya programu kidogo, tuongee kuhusu kelele. Kama umewahi kununua redio ya gari pale Luthuli Avenue, umeona maandishi haya kwenye boksi: "50W x 4". Ukijumlisha haraka haraka unapata wati 200. Sasa chukua kalamu, betri ya volti 12 na spika ya kawaida ya omu 4, halafu tupige hesabu. Fizikia ya sekondari inatosha.

Amplifaya iliyo ndani ya redio ya gari hushika spika kwa ncha zote mbili. Husukuma volti 12 upande mmoja, kisha huzigeuza na kusukuma upande wa pili. Mafundi huita mpango huo daraja. Kwa wimbi laini, nguvu ni 12 mara 12, gawa kwa 4, kisha gawa kwa 2. Jibu ni wati 18. Injini ikiwa inawaka, volti hupanda hadi kama 14.4, na jibu linakuwa wati 26 hivi. Sasa zile 50 zimetoka wapi? Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4 na usigawe tena kwa 2. Unapata 51.84. Yaani ni nguvu inayotoka amplifaya ikiwa imekwama juu kabisa, ikitoa wimbi la mraba, kelele ya kukwaruza ambayo hakuna binadamu angeiita muziki. Watu wa mauzo hawakusema uongo mtupu. Walichagua tu swali lenye jibu kubwa.

Ninachimba haya kwa sababu ya mjomba wangu, anayepeleka watalii kwa boti kutoka Shimoni hadi Kisite. Anataka muziki. Fundi mmoja wa matatu huko Mombasa ameshamchorea mpango: spika kubwa, wufa mbili na amplifaya ya kutikisa mbao. Nikamuuliza mjomba ana betri ngapi. Moja. Hiyo hiyo huwasha injini, taa na redio ya VHF. Watalii wakiwa majini wanatazama samaki, injini huzimwa saa tatu au nne, na muda wote huo muziki utakuwa unakula betri peke yake. Matatu ikigoma kuwaka, makanga na abiria hushuka wakasukuma. Boti haisukumwi.

Kwa hiyo swali la spika gani na amplifaya gani si la starehe tu. Na nilipoanza kulitafutia jibu niligundua kwamba watu wamekuwa wakipambana na shida hii hii ya sauti kubwa kutoka betri ndogo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze mwaka 1915. Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walikuwa na karakana huko Napa, California. Walichukua koili ya waya, wakaiweka kati ya ncha za sumaku, wakaiunganisha na kiwambo kilichopuliza sauti ndani ya honi. Wakaiita Magnavox, Kilatini cha "sauti kuu". Desemba mwaka huo walisikilizisha umati wa watu San Francisco, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alitumia vyombo vyao kuhutubia maelfu ya watu katika uwanja wa San Diego. Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza, walitumia honi kwa sababu amplifaya za siku hizo zilikuwa dhaifu, na honi hutoa sauti nyingi kwa nguvu kidogo. La pili, sumaku za kudumu zenye nguvu hazikuwepo, hivyo sumaku ya spika yenyewe ilikuwa ya umeme. Ilitoka wapi nguvu yake? Betri ya gari, volti 6. Betri imo kwenye hadithi hii tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walitoa spika ya koni bila honi. Ukipasua spika yoyote leo, utakuta kimsingi ni ile yao: koni, koili, sumaku. Ilikuwa ndogo na sauti yake ilikuwa safi zaidi, lakini ilidai wati nyingi kuliko honi. Nyumbani si neno, umeme uko ukutani. Kwenye gari, shida.

Shida yenyewe ilikuwa vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za kizamani. Vali hutaka volti mia na zaidi. Betri ya gari ilikuwa na 6. Redio za kwanza za magari zilibeba betri nyingine za ziada, nzito na ghali. Mwaka 1930 Paul Galvin aliendesha gari kutoka Chicago hadi mkutano wa watengeneza redio Atlantic City akiwa na redio yake mpya. Hakuwa na kibanda cha maonyesho, basi akaegesha nje na kupandisha sauti. Jina la bidhaa hiyo lilikuwa Motorola.

Suluhisho la volti lililokuja muda mfupi baadaye ndilo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii. Liliitwa vaibreta. Ni ulimi mdogo wa chuma unaotetemeka, ukifunga na kufungua umeme wa betri zaidi ya mara mia kwa sekunde. Umeme ukishakatwa-katwa hivyo, transfoma inaweza kuupandisha hadi volti mia mbili. Swichi tu! Washa, zima, washa, zima. Sisi wa kompyuta tunadhani sifuri na moja ni mali yetu, kumbe babu zetu waliendesha redio kwazo wakisikia mvumo chini ya dashibodi. Ulimi huo uliungua na kuchakaa, na fundi alibadilisha vaibreta kama sisi tunavyobadilisha plagi za pikipiki.

Transista ilizaliwa Bell Labs Desemba 1947, na kufikia 1955 Chrysler na Philco walikuwa na redio ya gari ya transista tupu. Hakuna vali, hakuna vaibreta, volti 12 moja kwa moja. Kila mtu alishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tazama kilichotokea kimyakimya: volti za juu zikaondoka pamoja na vaibreta. Wati 18 zetu zilitoka hapo. Ndiyo maana amplifaya kubwa za gari, zile za boksi lenye mapezi, zina kigeuza volti ndani yake. Ni vaibreta iliyorudi ikiwa imevaa transista, inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

Wakati huo huo spika zilikuwa zinakwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1954 Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss, alitoa AR-1, spika ya boksi dogo lililozibwa lenye besi nzito ya ajabu. Gharama yake ilikuwa nguvu, kwani boksi hilo lilikunywa wati. Mhandisi J. Anton Hofmann aliliweka wazi hili, na watu wa spika hadi leo huliita sheria ya chuma: besi ya chini, boksi dogo, sauti kubwa kwa nguvu kidogo, chagua mbili. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baadaye Richard Small, waliandika hesabu zake vizuri kiasi kwamba nikiwa chuoni niliziweka kwenye programu ya mistari isiyofika mia moja.

Hapa ndipo mpango wa fundi wa matatu unapovunjika. Ndani ya matatu kuna bati, vioo na paa, na sauti inarudi. Besi hasa hujaa ndani ya chumba kidogo bila jasho. Baharini sauti inaondoka na hairudi. Kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata 3 tu. Kwa hiyo mtu akinunua amplifaya ili kushinda bahari, bahari itamshinda.

Namba ya kutafuta kwenye karatasi ya spika ni unyeti, yaani desibeli ngapi hutoka kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya 92 dhidi ya spika ya 86 ni tofauti ya desibeli 6, sawa na nguvu mara nne. Wati 18 kwenye ya kwanza zinasikika kama wati 72 kwenye ya pili. Hakuna punguzo la amplifaya dukani litakalokupa hilo. Kisha usiweke spika mbili kubwa mbele ukapiga kelele hadi nyuma. Weka nne ndogo karibu na viti, umbali ufupike. Wufa kwa mjomba nimeipigia kura ya hapana. Bado ananuna.

Sasa amplifaya. Mwaka 1964 kijana Mwingereza aitwaye Clive Sinclair aliuza vifaa vya kujiundia amplifaya iitwayo X-10. Amplifaya za kawaida, ambazo siku hizi tunaziita klasi AB, hufanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu, na kinachozuiwa hugeuka joto. Hata kwenye karatasi aina hiyo ya kazi haivuki asilimia 78.5, na kwa muziki wa kawaida hukaa chini sana ya hapo. Sinclair alitaka bomba liwe wazi kabisa au limefungwa kabisa, haraka haraka, na wastani wa kuwasha na kuzima ndio uwe muziki. Swichi tena! Leo tunaiita klasi D. Aliahidi wati 10, lakini transista za wakati ule zilikuwa goigoi, ikatoa sehemu ndogo tu ya hizo na kuvuruga redio zilizokuwa karibu. Ndiye huyo huyo aliyeleta kompyuta ya ZX Spectrum mwaka 1982, kwa hiyo nimemsamehe. Wazo lake lilingoja transista za MOSFET. Kampuni ya Tripath ya California, iliyoanzishwa 1995, ilifanya chipu ndogo za aina hii zipendwe na wapenda muziki kabla haijafilisika mwaka 2007, na leo klasi D imejaa kila mahali.

Kwa boti hiyo ndiyo hesabu inayohusika. Tuseme betri ni ya ampea-saa 70, na hutaki kuishusha chini ya nusu kwa sababu injini lazima iwake. Una 35 za kuchezea. Amplifaya ya klasi AB ikivuta ampea 8 kwa wastani, saa nne zinakula 32. Umefika ukingoni, na hujawasha taa. Klasi D kwa sauti ile ile ikivuta nusu, umekula 16. Bora zaidi ni betri ya pili kwa ajili ya muziki peke yake, lakini mwenye betri moja aanze na klasi D.

Ila ule ugonjwa wa Sinclair haujaisha. Klasi D ya bei rahisi bado hutapika kelele kwenye redio. Kabla ya kulipa, washa VHF chaneli 16, fungua kizima-mvumo, halafu washa na uzime amplifaya. Kama mvumo unabadilika, rudisha hiyo bidhaa. Chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada.

Kuhusu wati za boksi, Marekani iliweka sheria mwaka 1974 ya kupima amplifaya za nyumbani kwa nguvu ya mfululizo. Vyombo vya magari vilibaki nje. Mwaka 2003 ndipo wenye viwanda walipojiwekea kipimo chao, CEA-2006, siku hizi CTA-2006: volti 14.4, omu 4, uchafu wa sauti usizidi asilimia 1. Ukiona namba hiyo kwenye karatasi, iamini. Ukiona "MAX", gawa kwa mbili ukiwa mpole.

Chumvi nitaipitia haraka. Koni za karatasi hunyonya unyevu. Dudley Harwood wa utafiti wa BBC alileta koni za polipropilini miaka ya 1970 kwa sababu za ubora wa sauti, bila kuwaza bahari, na wenye boti wakafaidi. Kingo ziwe za mpira, si sponji. Herufi za IPX6 na IPX7 hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na IPX7 maana yake imezamishwa mita 1 kwa nusu saa, si kwamba imestahimili mrusho wa mawimbi, hiyo ni IPX6. Kwa chumvi uliza jaribio la B117, ambalo lipo tangu 1939. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, na fyuzi iwe karibu na betri kabisa, ndani ya sentimita 18.

Limebaki la sumaku. Jensen alihitaji umeme kuipata, na sisi tumeipata bure kwenye kila spika: aloi ya alniko miaka ya 1930, kisha feraiti, kisha neodimiamu miaka ya 1980. Bure hiyo ina jirani mmoja asiyeipenda, naye ni dira. Kabla ya kutoboa tundu lolote kwenye dashibodi, funga boti gatini, soma dira, halafu mtu aishike spika pale unapotaka kuiweka. Sindano ikisogea hata nyuzi moja, isogeze spika nyuma na usome tena, hadi itulie. Weka alama ya penseli hapo, ndipo umwite fundi na drili yake.